Makopa ya Kikole: Barua kwa Shangazi

Kikole, Kilwa
Agosti 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Nakula, nalala, na wenyeji wamenipokea vizuri. Siku ya kuondoka ulinituma jambo moja: nikifika Kusini niangalie wanavyokausha mihogo, kwa sababu wewe na wenzako wa kikundi hapo Sengerema mmeshaamua kuanza biashara ya makopa na mnachosubiri ni hela ya mashine ya kukata vipande tu. Nimeangalia, nimeuliza, nimemenya, nimeanika, na ugali wake nimeula. Neno langu nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta huko mbele: hela ya mashine isubiri. Nunueni mzani kwanza.

Njia sitaisimulia sana. Nilivuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni, nikashuka hadi Dar es Salaam, na Mbagala nikapanda basi la Kusini. Kwenye mto Rufiji tulipita Daraja la Mkapa. Wazee waliokuwemo kwenye basi walikumbuka enzi za kivuko, kabla ya 2003, ambapo masika yakikolea msafiri wa Kilwa hakujua atafika lini. Kuanzia Somanga nilikodoa macho dirishani. Sehemu hizo ndiko maji ya Tufani Hidaya yalikoikata barabara Mei 2024, Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa, malori yakapanga foleni pande zote mbili. Nikamfikiria mtu aliyekuwa na lori la mihogo mibichi kwenye foleni ile. Ufuta unangoja. Korosho inangoja. Muhogo haungoji.

Nangurukuru ndiyo njia panda. Ukikata kushoto unakwenda Kivinje na Masoko, na ng'ambo ya maji kipo Kilwa Kisiwani chenye magofu wanayoyafuata watalii. Kikole chenyewe kiko bara, mbali na lami na mbali na bahari, kijiji cha wakulima waliozungukwa na msitu. Wanalima ufuta wa kuuza, wanalima mahindi na mtama wa kula, na karibu kila nyumba ina shamba la mihogo nyuma yake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji wake, mmea huu ulikuwa haujulikani popote Afrika. Kwao ni Brazil na nchi jirani zake. Wareno waliuvusha Atlantiki katika karne ya 16, nao ukachukua muda mrefu kuifikia pwani yetu. Lakini ulipofika ulishika. Vita vya Maji Maji viliwaka Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, Julai 1905, na Wajerumani walipojibu kwa kuchoma mashamba na maghala, njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Waingereza nao baadaye wakaamrisha kila kaya ilime muhogo wa akiba. Ndiyo maana ukiutaja muhogo mbele ya wazee, hapa kama huko kwetu, wengi wanakujibu kwamba hicho ni chakula cha njaa. Jina hilo limeugharimu sana muhogo. Kitu cha njaa hakipimwi, hakipangiwi bei, na anayekiuza anaona haya kubishana na mnunuzi.

Nimefikia kwa mama mmoja mtu mzima ambaye hapa kila mtu humwita Bibi. Kuna mambo aliyonifundisha uani kwake ambayo sikuyaona kwenye kijitabu chochote, kwa hiyo nitayaeleza polepole.

Asubuhi na mapema, umande haujakauka, tulikwenda shambani kung'oa. Bibi hang'oi shamba lote. Anang'oa mashina ya kazi ya siku ile tu, kwa sababu muhogo ukishatoka ardhini una siku mbili, tatu zikizidi, kabla haujaanza kuingia michirizi ya bluu na nyeusi ndani. Uani akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha meno, akachukua kisu kifupi, akakata kichwa na mkia wa muhogo. Akapitisha ncha ya kisu mara moja, kutoka juu hadi chini. Kisha akaingiza dole gumba kwenye ule mpasuko, akasukuma akizungusha, ganda lote likavuka kama soksi, muhogo ukabaki mweupe mkononi. Mimi niliparura kwa kisu kama anayemenya kiazi. Yeye alimaliza ndoo nikiwa bado nahangaika na mihogo michache. Kila muhogo alimega kipande kidogo cha mkiani, akatafuna. Mtamu akautupa karai la kulia, mchungu la kushoto. Hakukosea karai hata pale alipokuwa anaongea na jirani.

Mmoja ulipokatwa ukaonyesha madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa. Nje ulikuwa mnene na wa kupendeza. Hiyo ni michirizi kahawia, Shangazi, ugonjwa unaoiharibu mihogo ya pwani hii kwa miaka mingi. Mtafiti H. H. Storey aliueleza mwaka 1936 akiwa kituo cha Amani, kule Muheza, na siku hizi umefika hata kwenu Kanda ya Ziwa. Unaenezwa na nzi weupe, na zaidi unaenezwa na sisi wenyewe tunapopeana vipando bila kuvichunguza. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana yana afya, mkulima akajua hasara siku ya kung'oa. Wakulima wengi wa huku wanaisifu mbegu ya Kiroba kwa kuvumilia. Ninyi mko karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru. Nendeni mkaulize vipando safi kabla ya kuulizia mashine. Mashine nzuri hailigeuzi doa la kahawia kuwa jeupe.

Sasa nije kwenye mzani. Nilimwomba mwenye duka atuazime mzani wake wa kuning'iniza, tukapima kila hatua, maana Bibi amekausha makopa tangu usichana wake na hajawahi kujua kilo ngapi zinaingia na ngapi zinatoka. Matokeo yetu yalikuwa yaleyale wanayoyataja wataalamu. Kilo 100 za mihogo yenye maganda ukizimenya zinabaki 75 au 80. Kati ya hizo, sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 60 hadi 70. Ukiyaondoa maji hayo kwa jua unabaki na makopa kati ya kilo 25 na 30. Yaani inakwenda kilo nne mbichi, au zaidi kidogo ya tatu mkiwa na bahati, kupata kilo moja kavu.

Kaa na hesabu hiyo, Shangazi, kwa sababu biashara nzima imelala humo. Tuseme kwa mfano tu kwamba mihogo mibichi kwenu inanunuliwa shilingi 200 kwa kilo. Kilo 100 ni shilingi 20,000. Ukipata kilo 27 za makopa, lazima uuze kilo moja karibu shilingi 740 ili urudishe tu hela ya mihogo. Hujamlipa aliyemenya. Hujalipa maji, gunia, wala usafiri. Kama mnunuzi wa makopa anakupa chini ya mara nne ya bei ya muhogo mbichi, uza mbichi, urudi nyumbani upumzike. Ukiwa Kivinje, karibu na watu wanaotafuta muhogo wa kuchemsha na wa futari, kukausha mara nyingi ni kujitafutia kazi. Ukiwa Kikole mambo yanageuka: gari ni la kubahatisha, bodaboda inatoza kwa gunia, na mzigo wa kilo 100 ambao ungeoza njiani unageuka mzigo wa kilo 27 unaoweza kungoja miezi. Umbali ndio unaolipa makopa. Kwa hiyo kabla hamjaanza, jiulizeni mko upande gani: wa Kivinje au wa Kikole? Sengerema mjini ni Kivinje. Vijiji vya ndani, kule mashamba yenu yaliko, ni Kikole.

Kuhusu kuanika nina mengi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoteza hela huku wakidhani wanaitengeneza. Mashine ya kukata vipande, hata ile ndogo, inakata mamia ya kilo kwa saa. Jua halina haraka hiyo. Vipande vibichi vinataka nafasi: kilo tano, ukibana sana kumi, kwa mita moja ya mraba. Kilo 300 zilizomenywa, ukianika inavyotakiwa, zinataka mita za mraba 60 za turubai au kichanja, na mtu wa kugeuza kila baada ya saa moja au mbili. Mkinunua mashine mkiwa na turubai mbili, ifikapo saa nne asubuhi mtakuwa na rundo la vipande vinavyolowana pamoja, na jioni rundo limeanza kunuka. Wauzaji wa mashine hawalitaji hilo, na sioni sababu ya kuwalaumu. Wao wanauza mashine. Thailand, moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza makopa nje, wana mashine kubwa, lakini ukitazama viwanja vyao unachokiona ni sakafu za saruji zenye upana wa viwanja vya mpira, na trekta likipita kugeuza. Uwezo wao uko kwenye sakafu.

Bibi anaanika juu ya kichanja cha miti na matete kinachomfikia kiunoni. Kuku hawafiki, mbuzi hawafiki, na upepo wa kusi unapita chini na juu. Majirani wengine wanaanika chini, kwenye jamvi au hata juu ya udongo uliofagiwa, na ugali wao una mchanga. Nimeula ugali wa aina hiyo, jino linashtuka. Mnunuzi wa mjini akishtuka hivyo mara moja harudi tena, na hatakueleza sababu. Kiangazi hiki cha Juni hadi Oktoba, vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita au pungufu vinakauka kwa siku moja au mbili. Mapande makubwa ya muhogo uliopasuliwa tu, kama wengi wanavyofanya hapa, yanachukua wiki na kupita, na nje yanaonekana makavu wakati katikati bado pana unyevu. Kila jioni yanaanuliwa, kila asubuhi yanarudi juani. Siku ya mawingu ndiyo inayoonyesha nani ana nidhamu.

Je, yamekauka? Watu huvunja kipande na kusikiliza kama kinalia. Njia hiyo ni nzuri lakini haitoshi. Iko nyingine ya chupa ya kioo na chumvi: unatia chumvi kavu kidogo na vipande vyako kwenye chupa kavu, unaitikisa vizuri, unaiacha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu uko juu ya asilimia 15 au karibu na hapo. Makopa ya kuhifadhi yanatakiwa yashuke hadi 12 au 13, kwa hiyo hata chumvi isiponata yape jua jingine la siku nzima. Unyevu ukizidi unaingia ukungu, na ukungu mwingine una sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Yakikauka sawasawa, adui anayebaki ni dumuzi. Unamkumbuka yule tuliyekuwa tunamwita Scania, aliyegeuza mahindi kuwa vumbi? Mdudu huyo ametoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970 mkoani Tabora, na wengi hawajui kwamba anayapenda makopa kama anavyopenda mahindi. Nyumba moja hapa walinionyesha gunia la msimu uliopita: ukilisukuma kwa kidole linatoa unga pande zote. Dawa yake ya kwanza ni kutokaa na mzigo. Kausha, pima, funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa kama unayo, uza. Anayeweka makopa akisubiri bei ipande mwakani anamlisha dumuzi.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulisome mara mbili, na uwasomee wenzako kwenye kikao. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na jua peke yake haliiondoi ya kutosha. Ninyi watu wa udaga mnavundika mihogo siku kadhaa, inaota ukungu, mnaparua na kuanika. Njia hiyo inaipunguza sana sumu, ingawa rangi na harufu vinawakimbiza wanunuzi wa viwandani. Huku Kusini makopa yanaanikwa bila kuvundikwa. Kwa mihogo mitamu hakuna shida kubwa. Kwa michungu ni hatari, na hapa kuna jambo linalowashangaza watu: kipande chembamba kinachokauka haraka hubaki na sumu nyingi kuliko kinachokauka polepole, kwa sababu kimeng'enya cha muhogo kinachoivunja sumu hufanya kazi wakati bado pana unyevu. Uzuri wa kukausha upesi ni ubaya kwa muhogo mchungu. Mwaka 1988, ukame ulipoikumba Masasi, watu walikosa subira kwa njaa, wakawa wanatwanga na kuanika mihogo michungu na kuila siku hiyohiyo, chakula walichokiita chinyanya, wakaugua vibaya. Dk. Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe na wenzake ndio waliolichunguza tukio lile. Na usidhani ni mambo ya Kusini tu: Tarime, mwaka 1985, ukame uliacha watu wamepooza miguu kwa konzo, ugonjwa usiopona, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukatokea tena mkoani Mtwara. Kiwango cha kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga, zisizidi.

Kwa hiyo makarai mawili ya Bibi ndiyo sheria ya kwanza ya kikundi chenu. Mitamu ikatwe vipande na kuanikwa. Michungu isichanganywe nayo kamwe. Hiyo ivundikwe kama mlivyozoea, au iparazwe, ikamuliwe maji yake na kuanikwa siku ileile ili mpate ule unga mweupe usio na harufu ambao mradi wa C:AVA, ulioanza 2008, uliufundisha katika nchi yetu na nyingine nne za Afrika. Unga ambao una shaka nao unaweza kuulowesha kwa maji, ukautandaza mwembamba kwenye ungo, kivulini saa tano au juani saa mbili, gesi ikatoka, kisha ukasonga ugali siku hiyohiyo. Njia hiyo ni ya Profesa Howard Bradbury wa Australia, na haihitaji senti moja. Maganda ya michungu nayo yakaushwe kabla mbuzi hawajayafikia.

Narudi Kikole, kwa sababu kijiji hiki kina somo ambalo wenyewe hawalihusishi na mihogo. Msitu wao una mpingo, mti unaotengenezewa zumari za Ulaya na vinyago vya Wamakonde. Kwa miaka mingi magogo yalitoka kwenye vijiji vya Kilwa kwa bei aliyoitaja mnunuzi, kijiji kikiambulia kidogo au kukosa kabisa. Sheria ya Misitu ya 2002 ikaruhusu vijiji kumiliki misitu yao. Wanakijiji wa Kikole, kwa msaada wa shirika la MCDI lililoko Kilwa, wakaingia msituni na utepe, wakahesabu miti, wakapima unene wa kila shina, wakaandika ni mingapi inaweza kukatwa bila kuumaliza msitu. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vikapata cheti cha FSC cha utunzaji wa misitu, vya kwanza Afrika nzima kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Tangu hapo mnunuzi akija anakuta daftari. Gogo lina kipimo, kipimo kina bei.

Muhogo wa watu haohao, waliopima mpingo hadi dunia ikawatambua, unauzwa kwa fungu na kwa lumbesa. Nimeona gunia limeshonewa kilemba juu, limejaa kupita kiasi, na mchuuzi aliyekuja na pikipiki akalilipa kama gunia moja. Nilimuuliza Bibi kwa nini amekubali. Akasema, "Mwanangu, muhogo tu huo." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hela ya makopa ya Kusini inavuja kwenye gunia kabla haijafika kwenye mashine yoyote. Mpingo ulipopata utepe, mazungumzo yalibadilika. Makopa nayo yanataka mzani wake, na daftari la kilo zilizoingia na zilizotoka. Kikundi chenye daftari la msimu mmoja kitajua chenyewe kama kinahitaji mashine, ya ukubwa gani, na itajilipa kwa muda gani. Kisichokuwa nalo kitakopa kwa matumaini. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake iliyorejeshwa 2024 baada ya kusimamishwa, hauna riba, ni kweli. Lakini unarudishwa, na mashine iliyolala chini ya turubai hairudishi kitu.

Soko mnalosikia ni la China. Mwaka 2017 serikali zetu zilikubaliana masharti ya kuuza makopa huko, na tangu hapo kila semina inataja China. Mnunuzi wa China anataka shehena za meli, na anazipata Thailand. Msianzie huko. Tazameni badala yake walivyofanya jirani zetu wa Msumbiji: mwaka 2011 kiwanda chao cha bia kilianza kutengeneza Impala, bia ya muhogo, na kwa kuwa muhogo unaoza njiani wakaupeleka mtambo wa kusindika kwenye lori hadi vijijini. Mtambo ulimfuata muhogo. Kwenu anzeni na wenye mashine za kusaga nafaka, wapika mandazi, shule, na wafugaji wa kuku Mwanza, watu ambao mnaweza kuwafikia na kurudi siku hiyohiyo mkiwa na hela mkononi. Na msisahau michembe! Mnakata na kuanika viazi vitamu tangu zamani, na matobolwa mnachemsha kwanza. Mikono yenu inaijua kazi hii kuliko mnavyofikiri. Msiache viazi kwa kukimbilia muhogo. Kichanja ni kilekile, mzani ni uleule.

Vibali ni vifupi kueleza. Usajili wa vyakula tangu 2019 uko TBS, siyo ile TFDA ya zamani, na mjasiriamali mdogo anapitia SIDO kwa ajili ya mafunzo na barua ya utambulisho. Watauliza maji mnayooshea, mahali mnapoanikia, na lebo. Maji ndiyo yatakayowasumbua: kiangazi, kisima kikikauka, kikundi kinaanza kuosha mihogo yote kwenye maji ya karai moja hadi yanakuwa kama uji. Pangeni maji mapema.

Naomba jambo moja tu, Shangazi, kabla mvua hazijaanza huko. Nunueni mzani, ng'oeni kilo 100 za mihogo mitamu, mmenye, mpime, mkate kwa kisu, mwanike juu ya kichanja, mpime tena, muuze. Andikeni kila shilingi na kila saa ya kila mwanamke, hata ile ya kuteka maji. Kisha nitumie hesabu hiyo kwa simu, iwe nzuri au mbaya, nami nitaipeleka SIDO Lindi nikipita huko ili waipitie kabla hamjasaini mkopo wowote.

Bibi anakusalimu sana. Anasema ukija Kikole atakupikia ugali wa makopa na kisamvu cha nazi. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mwanao.